Kijana wako anajua kucheza gemu. Sasa mfundishe kuitengeneza

Ukitaka kujua kwamba likizo ya Agosti imefika Kitale, usiangalie kalenda. Pita tu mjini saa nne asubuhi usikize kelele zinazotoka kwa vile vibanda vya pleistesheni. Ndani kuna giza, joto, na vijana kumi na watano wanaotazama skrini mbili. Wanne wanacheza. Wengine wanangoja zamu huku wakitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Mwenye kibanda ameketi mlangoni anahesabu sarafu zake za shilingi ishirini.

Usijifanye humjui ninayemzungumzia. Pengine miaka michache iliyopita alikuwa ni wewe. Mimi nilikuwa pale. Kuna siku nilipewa nauli ya kwenda kwa shangazi Kiminini nikaimalizia yote kibandani, kisha nikatembea kwa miguu njia nzima nikitunga uongo wa kumwambia nikifika.

Wazazi na walimu wengi wana neno moja tu kuhusu gemu: zinaharibu watoto. Basi dawa yao ni kuwafukuza. Kijana akifukuzwa kibanda hiki anaenda kile, na akifungiwa nyumbani anacheza kwa simu ya mamake.

Mimi nasema hivi: mfundishe kuitengeneza. Sisemi hivyo eti kwa sababu atatajirika. Hayo ya pesa tutayafikia, na sitakudanganya. Nasema hivyo kwa sababu anayecheza gemu hufuata sheria zilizoandikwa na mtu asiyemjua, na mara nyingi hajui hata kwamba ziliandikwa. Kijana akishaandika sheria zake mwenyewe, hata kama ni za gemu ndogo ya kuchekesha, anaanza kuuliza nani aliandika zile zingine.

Nimeliona jambo hili kwa macho yangu, kwanza Kitale, kisha Bungoma. Wacha nikueleze.

Kwanza ujue anayekuandikia ni nani. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Karo ilichangia, uvivu wangu ulichangia pia, na sina hadithi tamu ya kuongezea hapo. Siku hizi naandika mtandaoni na kutengeneza simu za watu. Agosti ya 2024, mimi na marafiki wawili tuliomba ukumbi wa kanisa mtaani kwetu Kitale, tukakusanya kompyuta tisa: leptopu nne za kuazima na tano kuukuu kutoka kwa saiba iliyofungwa. Tukatangaza mafunzo ya siku kumi bila malipo. Walikuja vijana 22, wa kati ya miaka 13 na 17.

Hatukuwa na intaneti. Hatukuihitaji. Tulitumia Scratch, programu iliyoundwa MIT kule Marekani na kutolewa kwa umma mwaka 2007. Ni ya bure, inabebeka kwa flashi, inafanya kazi bila mtandao, na unaweza hata kuibadilisha iwe kwa Kiswahili. Huandiki maneno marefu yenye mabano na alama za ajabu. Unachukua vipande vya amri, kama vile "sogea hatua 10" au "ukigusa ukuta, rudi", unaviunganisha kimoja chini ya kingine kama matofali. Ukibonyeza bendera ya kijani, mambo yanaanza.

Siku ya kwanza hatukuwasha kompyuta hata moja. Tulitoka nje wakacheza kati, kisha tukawaambia waandike sheria zake zote kwenye karatasi. Ugomvi ulizuka papo hapo. Mpira ukigusa sketi tu, umetoka au hujatoka? Ukidunda chini kwanza je? Nani anaamua? Ilichukua saa nzima kukubaliana, na hawa ni watoto waliocheza kati tangu chekechea. Hapo tukawaambia: kompyuta haina huruma na haina akili ya kukisia. Usipoiambia, haijui.

Siku ya tatu wakaielewa hiyo kwa vitendo. Kila mmoja alitengeneza gemu ya matatu inayotoka Kitale kwenda Webuye, inayokwepa mashimo na kubeba abiria. Kijana mmoja alibeba abiria 300. Hakuna mahali alipokuwa ameiambia kompyuta kwamba matatu ya watu 14 hujaa. Nilipomwonyesha kosa lake alinijibu bila kucheka, "Bro, hiyo si makosa. Hiyo ni barabara yetu."

Lakini siku ninayotaka uikumbuke ni ya sita.

Kulikuwa na kijana wa miaka 16, mpole, wa kuketi nyuma. Alitaka kutengeneza ile gemu ya ndege ya kwenye simu. Unaijua. Unaweka pesa, ndege inapaa, namba inapanda, na unatakiwa kutoa pesa yako kabla ndege haijapotea. Sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini ukiwa na laini iliyosajiliwa kwa jina la kakako, nani atakuuliza? Alikiri alikuwa ameshapoteza pesa za kununua viatu vya shule.

Marafiki zangu walitaka nimkataze. Nikasema hapana, aitengeneze, ila tutacheza kwa maharagwe.

Akaitengeneza kwa siku mbili. Alipofika mahali pa kuamua ndege ianguke lini, akakwama. Akaniuliza, "Niweke ianguke saa ngapi?" Nikamwambia gemu ni yake, yeye ndiye ataamua. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaiagiza kompyuta ichague namba yenyewe kila raundi, ila akaongeza kasheria kadogo: mara moja katika kila kumi, ndege ianguke kabla haijapaa kabisa. Hapo hakuna anayeweza kutoa chochote.

Tuliwapa vijana kumi maharagwe 100 kila mmoja. Kila raundi unaweka kumi. Baada ya raundi 30, wawili walikuwa wameongeza na walikuwa wakipiga kelele ukumbi mzima kwamba wameigundua siri yake. Wengine wanane walikuwa wamepungukiwa, kila mtu kwa kiasi chake. Na mkebe wa mwenye gemu ulikuwa na maharagwe 280, naye hakuwa amebahatisha hata mara moja.

Aliyaangalia yale maharagwe akasema, "Kumbe mimi siwezi kupoteza." Baadaye kidogo akaongeza, "Na hawa wawili ndio wananisaidia kuleta wengine."

Wewe niambie, ni mhubiri gani, ni mwalimu gani, ni tangazo gani la redio limewahi kumfunza kijana hilo kwa siku mbili? Tumewaambia "kamari ni mbaya" mpaka masikio yakaota sugu. Huyu hakuambiwa. Aliandika kile kipande cha amri kwa mkono wake mwenyewe.

Na si kamari peke yake. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili, mtoto wa mkulima, alitengeneza gemu ya kuanika mahindi. Ukizaliwa Trans Nzoia huwezi kuikosa picha hiyo: mahindi yametandazwa kwenye turubai, watu wanaangalia mawingu. Bodi ya nafaka hukataa mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5. Katika gemu yake unaanza na asilimia 25. Jua likiwaka, namba inashuka polepole. Mvua ikija usipokunja turubai haraka, inapanda tena. Na lori halingoji.

Ilikuwa gemu ngumu kweli. Nilishindwa mara saba. Babake alipokuja siku ya mwisho kuona watoto wamefanya nini, alikaa mbele ya ile kompyuta akacheza na kushindwa mara mbili, akashika kipanya kama anashika jembe. Akamwuliza bintiye, "Kwa nini mvua inakuja mara nyingi hivi?" Binti akamjibu, "Baba, si ndivyo ilivyo?" Wakaanza kuzungumza hapo, mkulima na mtoto wake, kuhusu mvua ije mara ngapi ili gemu iwe ya haki. Nilisimama pembeni nikanyamaza.

Rafiki yangu wa Bungoma alipopata habari akasema tupeleke mafunzo kwao mwezi huo huo wa Agosti, wiki ya mwisho. Nikaanza kupanga. Mama mmoja wa Kanduyi akanirudisha duniani: "Kijana wangu, huu ni mwaka shufwa. Agosti. Unataka wavulana kutoka wapi?" Nilikuwa nimesahau kabisa. Kwa Wabukusu, Agosti ya mwaka shufwa ni ya tohara. Wavulana wako barabarani na zile kengele zao za mkononi, chinyimba, wakialika wajomba na shangazi. Hakuna programu ya Marekani itakayoshindana na hilo, wala haifai kujaribu. Tukasogeza hadi Novemba, shule zilipokuwa zimefungwa.

Ikawa heri. Vijana walikuja wakiwa na hadithi. Mmoja alitaka kutengeneza gemu ya Mango, yule shujaa ambaye simulizi za Wabukusu zinasema aliua joka lililokuwa likimaliza watu, na ushujaa huo ndio unaohusishwa na mwanzo wa tohara yao. Kijana alianza vile sote tungeanza: Mango anakimbia, anaruka, anakata joka mara hamsini, damu kila mahali. Ilipendeza kwa dakika tano.

Jioni akaenda kumwonyesha kukhu wake kwenye simu ya kuazima. Nyanya akamwambia hivyo sivyo. Mango hakukimbizana na joka. Alilisubiri likiwa limetoka, akajificha pangoni, akakaa kimya mpaka liliporudi kulala, akalikata shingo mara moja tu.

Kesho yake kijana alifuta karibu kila kitu. Gemu mpya ilikuwa ya kungoja. Skrini ina giza, unasikia joka likikaribia, na ukibonyeza mapema umekufa, ukichelewa umekufa. Kila mtu aliyeicheza aliacha kupumua. Ndiyo iliyopendwa kuliko zote Bungoma, na hakuna aliyeweza kuitengeneza isipokuwa mtoto mwenye nyanya wa kumsimulia.

Sasa tuje kwa maswali, kwa sababu najua unayo.

La kwanza huulizwa na wazee. Kitale mzee mmoja alinisimamisha mlangoni: "Kijana, wewe ulimaliza chuo?" Nikamwambia, "Hapana, mzee." Akasema, "Sasa utawafundisha nini, kuacha?" Iliniuma, lakini ni swali halali. Na kwako wewe unayesoma hapa ukiwa na wazo la kuacha masomo kwa sababu ulisikia Mark Zuckerberg aliacha Harvard: yeye aliiacha Harvard akiwa na kitu ambacho tayari watu wanakitumia. Mimi niliacha nikiwa na faili kumi na moja za gemu ambazo hazikufika popote, kila moja ikiwa ni ulimwengu mzima wenye magari na helikopta, na hakuna hata moja inayofunguka. Ndiyo maana sheria yetu ya kwanza darasani ni kwamba gemu yako iwe ndogo kiasi kwamba itaisha siku ya kumi. Vijana 19 kati ya 22 wa Kitale walimaliza. Wamenishinda mimi, na nilimwambia yule mzee hivyo.

La pili ni la pesa. Je, gemu italipa? Kwa wengi, hapana, angalau si upesi. Kuna watu siku hizi wanaowauzia wazazi mafunzo ya likizo kwa ahadi kwamba mtoto atatoka akiwa bilionea. Kimbia. Eric Barone, Mmarekani aliyetengeneza Stardew Valley, aliifanyia kazi peke yake zaidi ya miaka minne kabla ya kuitoa mwaka 2016. Hapa kwetu Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, enzi ambazo wengi wetu hatukuwa tumegusa kompyuta, kisha akashirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuunda kampuni ya Leti Arts. Ni watu wa kuwafuata, lakini uliza miaka waliyoweka.

La tatu ni hili: hatuna vifaa. Hapa ndipo nataka unisikize vizuri.

Lual Mayen alizaliwa familia yake ikikimbia vita vya Sudan Kusini, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alipomwambia mamake kwamba anataka kompyuta, mama huyo aliweka akiba miaka mitatu mpaka ikafika dola 300, akamnunulia leptopu. Kambini hapakuwa na stima ya kuichaji. Alitembea mwendo wa saa tatu kwenda kuichaji. Akajifundisha, akatengeneza gemu aliyoiita Salaam, ambamo mchezaji ni mkimbizi anayekimbia vita akitafuta amani. Mwaka 2018 alitambuliwa mbele ya ulimwengu kwenye hafla ya The Game Awards.

Hadithi hii watu huipenda sana. Wanasema, "Unaona? Ukitaka utaweza." Mimi nikiisoma nasikia hasira. Mama aweke akiba miaka mitatu, kijana atembee saa tatu, ndipo tupige makofi? Wangapi mama zao hawakufikisha hizo dola 300?

Maana sisi Kitale na Bungoma hatuko kambini. Vifaa tunavyo. Ukumbi wetu wa kanisa ulikuwa umepakana na shule ambayo sitaitaja. Kupitia dirishani niliona chumba cha kompyuta, mashine zimepangwa vizuri, zimefunikwa kwa vitambaa. Mlango ulikuwa na kufuli mbili. Sisi tulikuwa vijana 22 kwa kompyuta tisa, hatua hamsini kutoka hapo. Tuliomba. Tukaambiwa ni likizo.

Nchi hii ilianza kusambaza vishikwambi vya shule za msingi mwaka 2016, zaidi ya milioni moja. Mwaka 2022 KICD ikaidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na za upili, na tukajisifu kwamba tumekuwa wa kwanza Afrika. Ni vizuri. Lakini wakati mtoto ana nafasi kubwa zaidi ya kukaa na kompyuta bila kengele kumkatiza ni likizo, na likizo ndipo tunaweka kufuli.

Mwalimu mkuu mmoja aliniambia anaogopa sheria. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Naikubali sheria hiyo kabisa. Iliwekwa kuwalinda watoto dhidi ya kurundikiwa masomo na wazazi dhidi ya karo za mlango wa nyuma. Lakini klabu isiyo na ada, isiyo na silabasi, isiyo na mtihani, ambayo mtoto anakuja akitaka na kuondoka akichoka, hiyo si tuisheni. Shule hizo hizo hufungua viwanja vyao kwa mechi za likizo. Fungueni na chumba cha kompyuta.

Ninachoomba si kikubwa. Wiki mbili. Mwalimu mmoja wa kushika ufunguo, alipwe marupurupu na kaunti. Vijana wawili wa mtaa wanaojua kazi. Tupo wengi, tuliomaliza chuo na tuliokiacha. Orodha ya mashine ikaguliwe asubuhi na jioni ili hakuna kipanya kinachopotea. Chai na mandazi, maana darasa lisilo na chai Kitale ni baridi tupu. Trans Nzoia ianze na shule tatu, Bungoma tatu.

Na wewe msomaji mwenye leptopu ambayo siku hizi inatazama filamu tu, usingoje kaunti. Weka Scratch kwenye flashi. Tafuta vijana watatu wa plot yenu. Anza na kati, nje, kwa karatasi. Wakigombana kuhusu sheria, umeshaanza kufundisha.

Yule kijana wa ndege bado hupita kwa kibanda cha pleistesheni. Mimi pia. Juzi nilimkuta amesimama nyuma, hachezi, anamwonyesha mdogo wake skrini kwa kidole. "Angalia huyo kipa," alikuwa anamwambia. "Haruki kwa sababu ameona mpira. Kuna mtu alimwandikia aruke hapo." Mdogo akamwuliza, "Nani?" Akasema hajui, lakini anaweza kumwonyesha jinsi inavyofanywa, wakipata kompyuta.